Viazi Vidogo vya Darini

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka yangu Mohamedi,

Kama ulikuwa hujui, basi jua leo: hapa mjini Wazungu hawali mpaka mimi niseme. Nikishikwa na homa siku moja tu, Uzunguni kote wanashindia chai.

Shikamoo, kaka. Na shikamoo ya mama impate huko huko jikoni. Mgongo wake haujambo? Na lile jino lako? Mimi mzima, nimenenepa hata shati la Idi halifungi. Barua yako ya pili imefika. Nimesoma kwamba ile mbegu ya viazi vyekundu aliyotuachia marehemu baba haimo darini, mvua ziko karibu, mama kamtuhumu mkeo kuwa kaipeleka kwao, naye shemeji kafunga kanga zake kaondoka. Nimesikitika. Hilo tutalifikia, ngoja kwanza nikupe habari za biashara.

Mlinicheka, usisahau! Ulisema, "Kahawa yenyewe imetushinda, wewe ndiye utatutajirisha kwa viazi?" Kweli, watu wa pwani wana wali wao na mihogo yao. Lakini mimi sikukaa kupiga kelele na wauza mihogo. Nilisimama njia wanayopita wapishi wa Uzunguni asubuhi na vikapu vyao. Mmoja, Mzee Feruzi, kanzu yake nyeupe kuliko ya kadhi, akaokota kiazi chetu kimoja, kidogo kama yai la njiwa.

"We mtoto, hiki kiazi au gololi?"

"Gololi hainuki udongo wa Uluguru, mzee. Kamchemshie bibi yako wa Kizungu na maganda yake, siagi juu. Asipokusifu, njoo unichape."

Kesho yake akaja, na hakuja kunichapa. Akasema vikubwa niwauzie wenye hoteli, yeye anataka vidogo tu, na kwa vidogo habishani bei. Hebu fikiri, kaka: vile ambavyo sisi tunaviweka mbegu, huku ndivyo dhahabu! Sasa wapishi wananiita Bwana Viazi, na Mhindi wa duka la pembeni ananitolea kiti.

Nisalimie mjomba, mwambie ile kofia yake naivaa mimi na inanipendeza kumshinda. Nisalimie mdogo wetu Zaina, kanga yake nimeshainunua. Nisalimie na shemeji

Hapa kalamu imenigomea, kaka. Msomee mama kwa sauti. Siku ile nilipokuja kuchukua magunia, shemeji alikuwa kaenda mtoni. Nilipanda darini mimi. Vile viazi vya mbegu vilikuwa vimeshaanza kuota. Nikavikwanyua machipukizi kwa kucha ndani ya gari moshi, na vyote vikaisha asubuhi moja. Ilipofika barua yako nilikimbia kwa Mzee Feruzi kuomba japo kikapu kimoja. Akacheka: "Nikavitoe tumboni mwa bwana?"

Wala si panya walioila mbegu, kama nilivyokujibu kwenye barua yako ya kwanza.

Kamrudishe shemeji. Mwizi ni mimi,

mdogo wako Athumani.