Nyumba ya Miavuli ya Cleopas

Kamwokya, Kampala
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Goti linaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "eh, eh," halafu Mama ananiambia hukusikia kitu.

Ni juu ya kaka yangu Cleopas. Tangu daktari abadilishe dawa analala vizuri, lakini chumba kimejaa. Anaokota miavuli mibovu sokoni, anachomoa vijiti vyake vya chuma, anashona vitambaa. Anasema anajenga nyumba. Itakuwa na milango minne, ili zile sauti zikimjia ziwe na pa kutokea.

Nimepata kazi ya upishi Luzira, ya kulala huko huko. Siwezi kumwacha peke yake. Naomba aje nyumbani.

Binti yako,
Nabalayo

Chwele, Bungoma
1 Machi 2024

Nabalayo mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Goti ni lile lile, likiona mawingu linalia. Hongera kwa kazi.

Lakini Cleopas atalala wapi? Mwanaume aliyetahiriwa halali kwa wazazi. Hujijengea simba, kijumba chake mwenyewe, mahali baba yake alipomwonyesha. Yeye hakujenga. Mara ya mwisho aling'oa mabati ya jiko la mama yako, ati anatengeneza sikio la kusikiliza mwezi, na mvua ikatunyeshea kwenye ugali. Mahali pake nimeshapanda maharagwe.

Watu hapa wanatucheka, nami nimechoka kuchekwa. Kaa naye huko.

Baba yako

Kamwokya
19 Mei 2024

Baba,

Habari za goti? Mama amepona kikohozi?

Barua yako niliisoma kwa sauti nikidhani Cleopas hasikilizi. Nilipofika kwenye ugali alicheka. Kisha akaibomoa nusu ya nyumba na kuanza upya.

Sasa imekwisha. Ikikunjwa ni mzigo wa kubeba kichwani. Jana alivuta kamba moja tu, ikasimama uani, nyeusi na nyekundu na ya maua, na watu wazima wanne wakaingia. Mwenye nyumba wetu, Mzee Odur, aliyekuwa mwanajeshi, aliizunguka mara mbili. "Banange! Mimi nililala kwa hema ya jeshi miaka mingi," akasema. "Hii iko muzuri kushinda ile. Huyu kijana iko na akili."

Kitu kimoja sikielewi. Ameshona mwavuli mzima mweusi juu ya mlango wa mbele, kwa nje. Nikimuuliza wa nini, ananiambia nimalize kuosha vyombo.

Baba, nina hasira nawe. Wewe unaogopa kuchekwa, mimi naogopa kumfungia chumbani kama mbuzi. Usiponijibu, nitampandisha basi.

Nabalayo wako

Kamwokya
15 Juni 2024

Baba,

Natumai mu wazima. Hukujibu, kwa hiyo barua hii anaileta Cleopas mwenyewe. Dawa zimo kwenye mfuko wa kijani, asubuhi na jioni baada ya chakula. Tafadhali usimfokee.

Binti yako

Chwele
18 Juni 2024

Nabalayo mwanangu,

Salamu nyingi. Cleopas amefika salama.

Alisimama langoni na mzigo kichwani. Hakusalimia. Alisema tu, "Baba, nionyeshe mahali." Majirani walikuwa wameshajaa. Nilitaka kumwambia arudi alikotoka. Kisha nikaiona mikono yake, makovu matupu ya sindano ya kushonea, nikashikwa na huruma. Nikaenda kung'oa maharagwe. Mama yako akaja, tukang'oa pamoja. Kigingi cha kwanza nimekipigilia mimi.

Alipovuta kamba watu walicheka, lakini watoto wao walishaingia mlango huu na kutokea ule, hawataki kuitwa.

Mimi nilibaki nje. Unajua kwetu baba haingii simba ya mwanawe. Nilidhani mambo kama hayo yalishamtoka kichwani. Ndipo akaufungua ule mwavuli mweusi, akaweka chini yake kigoda alichokuja nacho, kirefu kwa ajili ya goti langu. "Wewe huingii," akasema. "Kaa hapa."

Nililia mbele ya watu. Wacha wacheke.

Dawa amekunywa. Wewe nenda Luzira kwa amani. Barua hii naiandikia hapo kwenye kigoda, mvua inanyesha, na karatasi haijalowa.

Baba yenu