Daftari Linalonuka Ndagala

Yaya Saidi, kaka yangu,

"Nafasi za shahada ya udaktari katika teknolojia ya vihisi ziko wazi kwa wote. Kasoro ni kwamba watu wa mwambao hawana mazoea ya kupima." Hayo aliyasema redioni juzi mkuu wa kamati inayogawa buruse, ufadhili wa masomo, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nilimjibu nikiwa peke yangu jikoni, mwiko mkononi: uongo! Kisha nikakumbuka kwamba wa kunisikiliza hayupo, nikakaa kukuandikia.

Uhuru ulinikuta juu ya mabega yako, hapa Rumonge, mwambaoni mwa ziwa, nikiwa na miaka minne. Watu wanapiga vigelegele, wewe unanieleza kipaza sauti kinavyofanya kazi. Miaka tisa baadaye ulirudi kutoka chuo na kihisi ulichokitengeneza mwenyewe: kijiwe kinachopitisha umeme zaidi kadiri joto linavyopanda. Ulikifunga kwa nta ndani ya kichupa cha dawa, ukawa unakiteremsha ziwani kwa kamba, kule Kigwena, kila asubuhi. Wewe unasoma mshale wa mita, mimi naandika namba daftarini.

Wakumbuka siku ulipokichomeka kwenye mchanga ambapo Mama alitaka kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani? Yeye alishavua kandambili, amekanyaga.

"Bado," akasema. "Mchanga iko baridi. Zitaoza."

Ukasubiri mshale utulie. "Kweli, Mama. Bado."

"We profesa, muguu yangu imesoma mbele yako! Nayo itapewa buruse?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku ile tukawa tunapima mchanga pia, na majibu ya unyayo wake yaliandikwa katika safu ya pili ya daftari, kando ya yale ya kihisi. Vilitofautiana mara chache. Huyo ndiye mtu asiye na mazoea ya kupima?

Barua ya kukubaliwa kusomea udaktari ng'ambo ilifika mwanzoni mwa 1972. Machafuko yakaanza huku kwetu, waliosoma wakatafutwa, na gari likakuchukua mchana, mkeo akiwa na mimba. Mama akaniambia, "Choma yote yenye jina lake." Nilichoma barua, vyeti, picha. Daftari nililishindilia chini kabisa ya gunia la ndagala, nikalikalia. Nilimficha Mama jambo hilo mpaka akafa.

Mimba ile ni Zuhura. Anataka kufanya udaktari juu ya vihisi vya joto la ziwa hili, na daftari lako ndilo msingi wa hoja yake: joto la wakati ule dhidi ya la sasa. Kamati imemrudishia faili. Daftari halina muhuri wa taasisi. Tena, wameandika, linanuka.

Linanuka, ndiyo. Nami hulifungua ninapokukosa, kwa sababu huna kaburi ninalolijua. Nimewashinda wengi kwa maneno, Yaya. Nikirudi nyumbani hakuna wa kumsimulia.

Ninyi wa kamati, sasa nawasemesha ninyi. Mwaka ule karatasi yenye muhuri ilitosha kumuua mtu; ndiyo maana nilizichoma za kaka yangu. Rudisheni faili la Zuhura mezani. Someni daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha mwiteni binti huyo awaambie safu ya pili ni ya mguu wa nani.

Mdogo wako, niliyekuandikia namba