Nyimbo za Mwari na Wageni wa Kijijini

Jumatano, Novemba 2014. Najma, Doha.

Vumbi limetanda tangu asubuhi, na kichwa changu nacho hakioni mbele.

Wiki hii hotelini kwetu kuna maonyesho ya kazi za mikono, nami nimetolewa vyumbani nikapangiwa usafi wa ukumbini. Kwenye meza ya mwisho ameketi mama mmoja wa Australia, Marlene, mzawa hasa wa kule, wa watu waliokuwako kabla wazungu hawajafika. Yeye na wenzake wanasuka vikapu na kuwatembeza watalii katika ardhi yao. Biashara ni ya kijiji kizima, hawana bosi.

Nilisimama na fagio nikimtazama. Nikamwambia kwetu Unguja tunasuka ukili wa kushonea mikoba. Akanipa majani. Miaka mitatu sijasuka, lakini vidole vilikwenda vyenyewe.

Akaniuliza kwa nini basi niko hapa nafagia.

Sijawahi kumweleza mtu hapa Doha, ila yeye nilimweleza. Nilikuwa katibu wa kikundi cha kina mama kijijini kwetu, na mama yangu alikuwamo. Tulikuwa tunawauzia watalii mikoba, na mambo yanakwenda. Kisha mtembeza wageni mmoja akataka wageni wake waonyeshwe hata unyago, ngoma na nyimbo anazofundwa mwari ndani, mlango umefungwa. Wenzangu walitaka tulizungumze. Mimi nikawaambia wanauza siri za bibi zetu, nikatoka kikaoni na sikurudi tena. Baada ya miezi michache nikapanda ndege.

Nilitegemea Marlene aseme nilifanya vyema. Akasema na kwao yapo ambayo mgeni haonyeshwi wala hauziwi, na kuyachagua kuliwachukua vikao vingi na ugomvi mwingi.

Kisha akauliza, "Wenzako waliamua nini?"

Sikujua. Nakiri. Miaka yote hii nampigia mama kila wiki, na sijamuuliza hata mara moja.

Nilipotoka kazini nikampigia. Nikamuuliza. Akasema, "Tulitunga nyimbo mpya, mwanangu, za kuwachezea wageni. Za mwari ziko ndani palepale. Ungekaa siku ile ungesikia, Bi Mkasi ndiye aliyetoa shauri hilo."

Bi Mkasi ndiye mwenyekiti wetu. Ndiye niliyemwita msaliti mbele ya watu.

Sijui nifurahi au nilie. Siri imehifadhika, na si mimi niliyeihifadhi. Muda wote huu nimekuwa nikijiambia kwamba niliondoka kwa ajili ya bibi zetu. Labda niliondoka kwa hasira tu. Labda vyote viwili, sijui.

Mama anasema siku za wageni wanacheka mpaka mbavu zinauma. Nimemwonea wivu mama yangu mwenyewe.

Ijumaa sina zamu. Nitampigia Bi Mkasi nimtake radhi, hilo nimeshaamua. Lakini akiniuliza narudi lini, nitamjibu nini?