Ng'ombe Aliyepotea Darasa la Nne

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujaanza kumsomea, maana najua amekaa hapo karibu anakuambia usome polepole. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi kutoka Karatu ilifika, au kondakta aliikalia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku juu Ngorongoro haina adabu. Asubuhi ukungu unaingia mpaka darasani, nafundisha nimejitanda shuka juu ya koti. Ningepiga simu, lakini mtandao huku ni wa kupanda kilima kuutafuta, na habari hii siyo ya kukatikakatika. Nataka uisome yote, halafu ukubali kwamba umeshindwa.

Ndiyo, Baba, umeshindwa. Siku naondoka Singida uliniambia Kiingereza kinafundishwa kwa ubao na kuitikia kwa pamoja, na kwamba mambo yangu ya michezo yatanifukuzisha kazi. Basi ilibaki kidogo tu maneno yako yatimie.

Mwanzoni michezo ilikwenda vizuri. Watoto wa darasa la nne walikuwa hawatoi sauti hata ukiwabembeleza, lakini tulipoanza kucheza soko, huyu anauza sukari, huyu anaomba apunguziwe, yote kwa Kiingereza, wakafunguka. Tukacheza mgeni wa hotelini, anayetaka chai ya moto akaletewa maji baridi. Wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Nikavimba kichwa, si unanijua.

Ndipo nikaleta mchezo wa namba. Kila mtoto asimame, aseme kwa Kiingereza kwao kuna ng'ombe wangapi, na mwenzake ajumlishe na wa kwao. Mimi nimelelewa na mama anayehesabu kuku wake kila jioni kwa sauti mpaka majirani wanajua, ningejuaje? Hakuna hata mmoja aliyesimama. Nikamsimamisha Nasieku, binti mwepesi kuliko wote, nikamsisitiza ajibu, mtoto akaanza kulia. Nikadhani ni aibu tu.

Kesho yake madawati mengi yalikuwa matupu. Habari ilishazunguka maboma yote kwamba mwalimu mgeni ametumwa kuhesabu mifugo ya watu kupitia kwa watoto wao. Mkuu wa shule aliniita, akanieleza kwa ule upole unaotisha kwamba wazazi watakuja kikaoni Ijumaa, na kama watoto hawatarudi baada ya hapo, ataomba nihamishwe. Michezo niiache mara moja. Nilikwenda chumbani kwangu nikalia, sikufichi. Kazi naipenda, lakini zaidi niliwafikiria wale watoto. Wakishakaa machungani wiki kadhaa, wengine hawarudi tena.

Jioni nikaenda kwa Mama Naishorua, jirani anayeniuzia maziwa, nikamwomba anieleze kosa langu. Akaniambia Wamasai hawahesabu ng'ombe wao kwa namba, wala watoto wao. Kutaja idadi ni kuwaitia balaa. Nikauliza, sasa mmoja akipotea unajuaje? Akanitazama kama nimemuuliza anajuaje kama mkono wake upo. Akanishika akanipeleka langoni mwa boma, mifugo inarudi. Alisimama tu anatazama. Wa mwisho alipoingia, akasema yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hajafika. Wakaenda kumtafuta, wakamkuta korongoni. Baba, somo langu nililipata pale langoni, miguu imejaa samadi.

Mimi na watoto waliokuwa bado wanakuja tukafinyanga ng'ombe wa udongo. Tukawapaka majivu, mkaa na udongo mwekundu, kila ng'ombe na alama zake. Mkuu aliponiuliza, nikamwambia ni somo la rangi na viungo vya mwili. Sikumdanganya, ndivyo lilivyokuwa.

Ijumaa wazazi wakaja, wazee upande huu, akina mama upande ule. Aliyeanza kusema ni Mzee Saning'o, babu yake Nasieku, aliyekuja amemshika mjukuu wake mkono. Alisema kwa Kimasai, mwalimu mwenzangu akatafsiri, na hakuna hata neno moja lililokuwa zuri kwangu. Zamu yangu ilipofika nikasimama. Nikaomba radhi. Nikasema kwetu tunafuga kuku na tunawahesabu, sikujua kwamba ng'ombe wana heshima nyingine. Akina mama wakaguna kidogo, nikapata nguvu ya kumwomba mkuu dakika chache. Mbele ya watu wote angenikatalia vipi?

Tukapanga ng'ombe wa udongo kwenye nyasi. Nikamwomba Nasieku awatazame vizuri, kisha asogee nyuma ya stoo. Babu yake akafikiri, akamwachia mkono. Tukamficha ng'ombe mmoja chini ya shuka langu. Nasieku akarudi, akasimama tu, anatazama. Halafu akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, "The black cow is not here. She has a white face. She is a mother."

Hilo la mama sikumfundisha mimi. Alikuwa amemwona ndama wa udongo amebaki peke yake.

Mzee akauliza mtoto amesema nini. Akatafsiriwa. Akainuka, akatugeuzia mgongo, akatuamuru tufiche mwingine. Alipogeuka hakuchelewa: akamtaja kwa Kimasai, Nasieku akamtaja kwa Kiingereza, na mzee akafuatisha, neno kwa neno. Akina mama walicheka wakajifunika nyuso kwa shuka. Yeye hakujali, akarudia mpaka mjukuu wake akaridhika. Kisha akawageukia wazazi wenzake.

"Huyu mwalimu hahesabu," alisema. "Ng'ombe wangu akipotelea upande wa Kenya, nitakwenda na huyu mtoto kumuulizia. Warudisheni wa kwenu."

Jumatatu darasa lilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye dirisha. Mkuu ameniomba niwaonyeshe walimu wa darasa la tatu na la tano mchezo ule, na juzi nilimkuta mwenyewe amechuchumaa anamtafuta ng'ombe, hampati. Nimefurahi, Baba, jamani nimefurahi! Natembea kifua mbele, huku kwenye baridi.

Msalimie kaka yangu wa bodaboda, mwambie avae kofia. Msalimie shangazi muuza mafuta ya alizeti, na mdogo wangu wa mwisho, asome. Mama mwambie kuku wake ni wa Singida, aendelee kuwahesabu bila wasiwasi.

La mwisho nimekuwekea wewe, mwalimu mstaafu. Jumatatu hiyohiyo Mzee Saning'o alikuja na binti mwingine, mrefu kuliko darasa langu lote, ambaye hakuwahi kuandikishwa shule kwa sababu ya kuchunga. Akamsukuma taratibu mbele yangu, akasema kwa Kiswahili chake cha shida, "Huyu naye ni wako. Njiani nimeshaanza kumfundisha." Binti akainua uso, akanionyesha ng'ombe wa udongo dirishani, akasema, "Black cow."

Mwanao asiyefukuzwa,
Mwalimu Zawadi