Dawa Kichwani, Mgeni Rasmi Mlangoni

Mwenzangu, ukiona picha yangu mahali usicheke kwanza. Nisome.

Nimetoka kwenye ule mkutano wa kuunganisha wafanyabiashara na vyuo vya ufundi. Nimefunga saluni Jumamosi nzima, eti niwatafutie wasichana wangu mwalimu.

Mwalimu yupo. Akataka kichwa cha mfano, akanikalisha mbele ya ukumbi, akanipaka dawa ya kulainisha nywele kichwa kizima. Mara ikasemwa mgeni rasmi amefika. Akavua glavu. "Usiguse, dada, tunampokea tu."

Tunampokea tu. Mtu anakuachia dawa kichwani akakimbilie kupiga makofi.

Nikaenda chooni kusuuza. Kimefungwa. Mlinzi ananiambia, "Hiki kimetengwa kwa mgeni rasmi, mama." Ngozi inawaka moto, yeye anamlindia mgeni choo.

Basi nikapanda jukwaani. Chupa za maji za meza kuu nikazimimina zote kichwani, mgeni rasmi yuko katikati ya hotuba ya ujuzi. Ukumbi ukapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mafunzo. Watu wazima na akili zao.

Sasa waandaaji wameweka picha kwenye grupu la mkutano. Mimi nachuruzika maji, macho nimefumba, chini wameandika: "Mshiriki akifurahia mafunzo."

Na yule mwalimu kanitumia ujumbe sasa hivi. Anaomba aje saluni kwangu ajifunze kazi kwa vitendo.

Nimemjibu aje na maji yake.