Uso wa Kamanda Kati ya Mamajusi

Kwa jina la Mungu, Hakimu wa walio hai na wafu, nakusalimu, mdogo wangu Zakaria, pamoja na nyumba yako. Je, goti la shemeji limepata nafuu? Sisi hapa Doonside, Australia, tu wazima, ila ugonjwa huu wa korona umetufungia ndani. Polisi wanapita mitaani, na Misa naisikiliza katika simu ya mkwe wangu kama habari za redio.

Umeniuliza kama parokia ipokee saruji na rangi za Kamanda wa wanamgambo, ili kanisa lililochomwa lisimame tena, naye achorwe ukutani kama mmoja wa Mamajusi. Sikujibu upesi. Watu wake ndio waliomkata panga Yohana, mtoto wa dada yetu, akiwa ameikumbatia altare.

Jibu limenijia jikoni. Mjukuu wangu Furaha, anayesomea usanifu wa majengo, siku hizi chuo chake ni meza yetu. Alinionyesha kwenye kompyuta picha za kanisa dogo ndani ya jumba la ukoo wa Medici, waliotawala mji wa Firenze, Italia. Ukutani wamechorwa Mamajusi wakiteremka mlimani kwa dhahabu na farasi, na ndani ya msafara wamo wenye jumba wenyewe.

"Walikuwa watakatifu?" nikauliza.

"Walikuwa na benki, Babu. Walilipa, wakachorwa."

"Na Mtoto Yesu alikubali?"

"Nani alimuuliza?"

Tulicheka, mpaka aliponisomea yaliyokuja baadaye. Adui zao waliwavamia ndugu wawili wa ukoo huo kanisani, Misa ikiendelea. Ndugu mdogo alichomwa visu mpaka akafa sakafuni. Mkubwa, shingo ikivuja damu, alikimbilia sakristia, chumba cha mavazi ya padri, milango ikafungwa nyuma yake. Wauaji walining'inizwa madirishani. Maiti ya mzee mmoja wao ilifukuliwa, watoto wakaiburuta barabarani na kuitupa mtoni. Kisha, Zakaria, akaitwa mchoraji awachore walionyongwa kwenye ukuta wa nje, kamba shingoni, kila mpita njia aone. Rangi iliyowapamba mabwana ndiyo iliyowatisha raia.

"Funga, mwanangu," nikamwambia. Katika habari hizo nilikuwa nimemwona Yohana.

Katekesi tulifundishana mimi nawe: kanisa lililonajisiwa kwa damu, Misa haisomwi ndani yake kabla ya ibada ya toba. Kamanda anataka kuiruka toba, aanzie kwenye rangi. Haiwezekani.

Najua ni rahisi kunena hivi nikiwa mbali na bunduki zake. Kwa hiyo usikatae wewe. Kwetu neno la nyumba ni la mkubwa. Mwambie mbele ya wazee: "Kaka yangu aliye Australia amekataza, nami siwezi kuvuka neno lake." Matusi na hasira zote azielekeze kwangu. Salini chini ya turubai, ukuta ubaki na moshi wake. Siku atakapopiga magoti mlangoni na kulitaja jina la Yohana kwa mdomo wake, mpokeeni, hata akija mikono mitupu.

Msalimie dada yetu, mama wa marehemu. Umsomee barua hii polepole, asiharakishwe. Msalimie padri, na shemeji, na mlinzi wa kengele kama bado yu hai.

Damu ya Mwana-Kondoo iwe juu ya miimo ya mlango wako, mwangamizi aione apite, na watoto wako wapate usingizi.

Kaka yako,
Mathayo