Wakili wa Bima Msikitini

Msambweni, 9 Machi 1965

Kaka Chande, shikamoo. Sisi wazima, na mihogo imekubali.

Kesi imekwisha, tumeshinda. Wakili wa kampuni ya bima alishikilia kwamba marehemu mume wangu Waziri aligongwa na lori kwa ulevi wake. Yeye, muadhini wetu! Mwishowe dereva mwenyewe aliapa mbele ya jaji kuwa breki zilikuwa mbovu.

Nje, wakili alininyoshea mkono. "Pole, mama. Ilikuwa kazi tu."

Sikuupokea. Nikamwambia, "Ulimchafua mbele ya watu. Njoo umsafishe mbele ya watu, au nitakushtaki wewe."

Ijumaa alikuja, akasimama mlangoni pa msikiti, akakiri uongo wake. Wazee walimsamehe. Mimi, kaka, sikumsamehe.

Dadako,
Mwanatumu